Malabrigo Sock kwa skafu ya duara ya lesi: rangi tamu, ila inataka mkono unaohesabu

Uzi huu wa kampuni ya Uruguay ni sufu ya kondoo wa merino tupu, iliyotiwa dawa isishikamane na kunywea ikifuliwa. Fungu moja ni gramu 100, karibu mita 400. Unaitwa uzi wa soksi, lakini hauna nailoni ndani yake, kwa hiyo kisigino huisha mapema. Shingoni hakuna msuguano huo, na ulaini wake ndipo unapofaa.

Rangi hutiwa kwa mikono. Arco Iris, yaani upinde wa mvua, ndiyo ya kuanzia kwa anayependa rangi nyingi. Kila fungu hutoka na sura yake, hata lenye namba ileile ya rangi. Kazi ikihitaji mafungu mawili, fuma raundi moja kwa hili na moja kwa lile tangu mwanzo. Ukiunga katikati, mpaka utaonekana.

Lesi ya majani au almasi usiipotezee uzi huu. Jicho hufuata rangi na matundu hayaonekani. Inayokubali ni lesi ya mawimbi ya visiwa vya Shetland, huko Scotland, maana rangi zenyewe hupinda pamoja na wimbi. Anza vitanzi 144 kwa sindano ya duara ya milimita 3.5, urefu wa sentimita 40. Kabla ya kuunga duara, hakikisha ukingo wote wa chini umelala upande wa ndani. Ukijisokota na ukagundua baada ya raundi kadhaa, hakuna dawa ila kufumua. Raundi ya 1 na ya 2 fuma kawaida. Ya 3, katika kila vitanzi 18: fuma viwili pamoja mara 3, zungusha uzi kwenye sindano na ufume kimoja, mara 6, kisha viwili pamoja mara 3. Ya 4 fuma yote kinyume, kisha rudia hizo nne. Weka alama kila baada ya vitanzi 18. Ukikuta 17, zungusho moja limesahaulika: kwenye raundi inayofuata, inua uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, mambo yatakaa sawa.

Tatizo kubwa la uzi huu ni rangi kurundikana. Rangi hujirudia kadiri uzi unavyozunguka fungu, hivyo raundi moja ikila uzi unaokaribia mzunguko mmoja wa fungu, nyekundu hukaa juu ya nyekundu na skafu hutoka na mabaka. Kabla hujaviringisha fungu liwe kidonge cha uzi, pima mzunguko wa fungu kwa futi ya kushonea. Vitanzi 144 hula takriban mita 1.8 kwa raundi. Vipimo vikikaribiana, ongeza au punguza vitanzi 18. Au tumia ncha mbili za kidonge kimoja, ya ndani na ya nje, kwa kupokezana kila raundi. Hizo husokotana, lakini mabaka hupotea.

Raundi 90 hutumia chini ya nusu ya fungu. Kwa hiyo fungu moja linatosha skafu ya kuzungusha shingoni mara mbili: vitanzi 288, sindano ya sentimita 80, raundi zilezile 90. Kumalizia, tumia sindano ya milimita 4.5, la sivyo ukingo utabana na mawimbi yatakunjamana.

Kufua ndiko kunakoifungua lesi. Loweka dakika 20 katika maji baridi. Rangi nzito huchuja kidogo mara ya kwanza, na hilo ni la kawaida. Kamua ndani ya taulo, tandaza, bana kila ncha ya wimbi kwa pini. Usitundike: sufu ya aina hii hurefuka sana ikiwa na maji. Pia fua kipande cha majaribio kabla ya kupima. Lengo ni vitanzi 24 kwa sentimita 10. Nyuzi za akriliki zinazouzwa madukani ni za bei rahisi zaidi, lakini maji peke yake hayazishikishi umbo, na matundu hujifunga tena.