Canon 55-250mm STM: lenzi ya kupigia picha semi njia panda ya Mnazi Mmoja, Lindi

Kusini hatuna treni. Reli iliyojengwa wakati wa mradi wa karanga hadi Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo mpenzi wa mashine nzito huku kwetu anakwenda njia panda ya Mnazi Mmoja, pale barabara ya Lindi na Dar es Salaam inapokutana na ya Mtwara na ya Masasi. Semi za makaa ya mawe zinatoka Songea kwenda bandari ya Mtwara, za saruji zinapanda Dar, na kuanzia Oktoba malori ya korosho nayo yanajaa barabarani. Kazi ni nyingi kwa siku moja, na lenzi inayoifanya bila kumfilisi mtu ni Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM.

Herufi IS ni kitulizaji cha mtikisiko wa mkono, na STM ni aina ya mota yake ya fokasi. Ilitoka mwaka 2013. Ina uzito wa gramu 375 tu, kwa hiyo unaweza kuishika kutwa nzima bila mkono kuchoka. Inaingia kwenye DSLR (kamera zenye kioo ndani) za Canon zenye sensa ndogo. Mwenye kamera ya R, zile zisizo na kioo ndani, atahitaji adapta. Filta yake ni ya milimita 58.

Urefu wake unatosha kabisa. Ukiwa kwenye milimita 250, yaani zumu imevutwa hadi mwisho, lori lililo mita 100 mbele yako linajaza kama theluthi mbili za kimo cha picha, likitazamwa usoni. Kasoro iko upande wa pili: inaanzia 55. Semi ya mita 18 ikipita ubavu wake mbele yako, unahitaji kurudi nyuma mita 45 hivi ili iingie yote, na pale njia panda huwezi kurudi hivyo bila vibanda, nguzo za umeme na bodaboda kuingia katikati. Anayetaka picha za ubavu aje na lenzi ya 18-55 pia, au atoke nje ya mji kidogo.

Picha nzuri kuliko zote pale ni ya kona. Semi ya makaa inayotoka Masasi inapunguza mwendo na kukata kulia kuingia barabara ya Mtwara. Kwa sekunde chache kichwa kimeshageuka na tela bado linafuata, turubai limekazwa kwa kamba, na matairi ya nyuma yanasaga mchanga wa pembeni. Weka zumu kati ya 100 na 135, usubiri kichwa kifike katikati ya kona ndipo ubonyeze. Simama upande wa mashariki wa njia panda asubuhi, jua likiwa mgongoni. Usisimame kamwe ndani ya kona: magurudumu ya tela hayafuati alama za kichwa, yanakata ndani zaidi, na dereva hakuoni. Kaa nyuma ya mtaro.

Mwanga nao una ratiba yake. Malori ya Masasi yanakuja yakielekea kaskazini-mashariki, hivyo yanamulikwa usoni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, hasa Juni hadi Agosti jua linapochomozea upande wa kaskazini. Yale ya kutoka Mtwara yasubiri saa tisa alasiri na kuendelea. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari jua la mchana linapita kusini mwetu, kwa hiyo sehemu iliyokupa mwanga mzuri Julai itakupa kivuli Desemba.

Sasa lile linalowafanya watu wailaumu lenzi bure. Kati ya saa nne na saa tisa lami inachemka, na hewa moto inayopanda juu yake inapinda mwanga. Ukipiga kwa 250 lori lililo mita 200, namba zinaonekana kama zimeandikwa ndani ya maji, na fokasi inakwenda mbele na nyuma bila kutulia. Hata lenzi ya mamilioni itatoa picha hiyo hiyo, kwa sababu tatizo liko hewani. Dawa ni kupunguza umbali: acha lori lije hadi mita 40 au 50, upige kwa 100, tena ukiwa mahali palipoinuka kuliko lami. Saa saba mchana kaa kivulini, unywe maji.

Kwa jua kali anza na ISO (wepesi wa sensa kunasa mwanga) 200, tundu la f/8 na shata ya sekunde 1/800. Lori la kilomita 50 kwa saa linasogea karibu sentimita 3 ndani ya 1/500, kwa hiyo linalokuja usoni litatulia kwa kasi hiyo, lakini linalokatiza mbele yako linataka 1/1000 au zaidi. Ukitaka mandhari ya nyuma ivutike, shuka hadi 1/60 na uzungushe kiuno pamoja na lori. Weka fokasi kwenye AI Servo, yaani inayofuata kitu kinachosogea, pointi ya katikati, uilenge kwenye nembo ya mbele. Kioo cha lori kinaakisi mbingu na kuidanganya fokasi.

Udhaifu wa kweli unaanza jioni. Kwenye 250 tundu halifunguki zaidi ya f/5.6, na jua likizama utalazimika kupanda ISO 3200 na zaidi, picha ijae chenga. Kitulizaji cha IS ni kizuri, lakini kinatuliza mkono wako, hakisimamishi lori. Pete ya fokasi nayo inaendeshwa kwa umeme: kamera ikilala, pete inazunguka bure, hivyo gusa shata kwanza.

Haina kinga ya vumbi wala mvua, na shingo ya kuungia kwenye kamera ni ya plastiki. Vumbi la makaa ni laini, na zumu inapotoka na kurudi inaweza kulivuta ndani. Lipulize kwa pampu ya mpira kabla ya kufuta kwa kitambaa. Nunua na kizuia jua ET-63, ambacho hakimo kwenye boksi.

Mwenye safari ya Dar aende nayo. Kwa treni za umeme za SGR, zinazofika kilomita 160 kwa saa, panda hadi 1/2000, na uombe ruhusa stesheni kabla ya kutoa kamera. Huku kwetu pia, bandarini na kwa askari usielekeze lenzi bila kibali.

Ukinunua ya mkononi, soma maandishi ubavuni: lazima yawe na STM. Matoleo mawili ya kabla yake yana mota ya polepole, na mdomo wa mbele unazunguka wakati wa kufokasi, jambo linaloharibu kazi ya filta ya polaraiza (ya kukata mng'ao). Kisha mulika tochi ya simu kupitia nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni fangasi, na unyevunyevu wa pwani yetu utaikuza haraka. Irudishe. Iliyo safi ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya silika.