Kununua riali na dola Mombasa: uzoefu wangu na foreksi ya mjini

Foreksi niliyotumia, yaani duka la kubadilisha fedha, iko mjini, hatua chache kutoka Barabara ya Nkrumah. Naipa nyota tatu kati ya tano: noti safi, makarani wepesi, lakini bei ya riali inataka kukaguliwa kwa kikokotoo kabla hujatoa hata shilingi.

Ubaoni kuna safu mbili, ya kununua na ya kuuza. Inayokuhusu ni ya kuuza, maana duka ndilo linalokuuzia. Sasa, wateja wa Umra hutazama dola, wakiridhika wanachukua na riali bila kuuliza. Hapo ndipo duka linapojipatia chake. Riali ya Saudia imefungwa kwa dola: dola moja ni riali 3.75. Basi gawanya bei ya dola kwa 3.75. Tuseme dola inauzwa 130.50, riali ingekuwa 34.80. Ukitajiwa 35.90, unalipa 1.10 zaidi kwa kila riali, na kwa riali 3,000 hiyo ni shilingi 3,300. Senti thelathini hivi juu ya hesabu si neno, zaidi ya hapo beba dola ukabadilishe Saudia. Kwa dirhamu ya Dubai gawanya kwa 3.6725.

Piga simu asubuhi, uliza bei na kama riali zipo, hasa Ramadhani inapokaribia, kwani huisha haraka. Bei ya simu si ahadi, lakini. Niliyotajiwa asubuhi ilikuwa imepanda nilipofika dirishani alasiri, na hakuna aliyeomba radhi. Bei hushikika ukishalipa. Jumapili usiende kabisa: soko la benki limefungwa, na duka lililo wazi hujikinga kwa kupanua pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza.

Chukua kitambulisho au pasipoti. Ukilipa kwa M-Pesa, kumbuka muamala mmoja haupiti shilingi 250,000. Dola 2,000 kwa bei ile ni 261,000, kwa hiyo utatuma mara mbili. Risiti iwe na kiwango cha bei, si jumla peke yake.

Noti zihesabu palepale dirishani. Dola 100 mpya ina utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi. Iinamishe, kengele zilizomo kwenye utepe zigeuke kuwa tarakimu 100. Tazama pia mwaka wa toleo. Noti za kabla ya 2009 maduka mengi huzikataa au huzinunua kwa bei ya chini, kwa hiyo ukipewa, rudisha hapohapo: "Ndugu, nibadilishie hii." Iliyochanika au kupigwa muhuri, vivyo hivyo. Dola ndogondogo, za 1 hadi 20, hununuliwa kwa bei duni kuliko za 50 na 100. Chukua chache za bakshishi tu.

Kuhusu kungoja bei ishuke, Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Februari serikali ikauza Eurobond mpya, yaani hati ya kukopa dola nje ya nchi, kulipia ile iliyokuwa ikidaiwa Juni, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa 130 na kitu. Walionunua zote kwa hofu waliumia. Mimi hununua kwa mafungu matatu, la mwisho wiki moja kabla ya safari.

Zikibaki, rudi na noti. Sarafu za halala, yaani senti za riali, foreksi hazizipokei, zimalizie Jeddah.