Nilikodi leza ya kuchongea vikombe, Mwanjelwa, nikatengeneza oksidi ya zinki

Karakana ninayoitathmini ipo Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kazi yake ya kila siku ni kuchonga majina kwenye vikombe vya ushindi, vibao vya milango na vishikio vya funguo. Mimi nilipeleka bamba la zinki, bika fupi (chombo cha kioo cha maabara) na lita moja ya maji yaliyokenekwa, nikaomba kukodi mashine yao ya leza kwa saa mbili ili nipate chembe nano za oksidi ya zinki, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), kwa ajili ya mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wangu wa fizikia.

Njia yenyewe si ngeni, kwa kuwa mwaka 1987 watafiti wa India walikwisha kupiga chuma kilichozama majini kwa leza ya rubi na kupata oksidi za chuma. Mpigo mmoja wa leza hugeuza utando mwembamba wa metali kuwa plazima, yaani gesi yenye joto kali na chaji za umeme, maji yanayoizunguka huibana, kisha kiputo cha mvuke hutanuka na kuporomoka kabla hata ya milisekunde moja kwisha. Humo ndani metali hukutana na oksijeni ya maji, hupoa ghafla na kubaki kama chembe zinazoelea. Kinachonivutia zaidi ni usafi wake, kwani anayepita njia ya kawaida ya chumvi ya zinki na hidroksidi ya sodiamu hulazimika kuosha masalia ya chumvi mara nyingi, ilhali hapa ndani ya bika hamna kingine ila metali na maji.

Mashine yao ni leza ya faiba ya wati 20, yenye mwanga wa nanomita 1,064 usioonekana kwa macho, inayotoa maelfu ya mipigo kwa sekunde. Fundi alinipokea kwa heshima, akasikiliza maelezo yangu hadi mwisho na hakuona ajabu kwamba mteja anataka kuchonga kitu kilicho ndani ya maji. Hata hivyo, robo saa ya kwanza ilipotea bure, kwa sababu alilenga bamba likiwa kavu, kisha tukamimina maji ya kina cha milimita 5 juu yake. Maji hupinda mwanga, na kwa kina hicho kitovu cha mwale, yaani mahali mwanga unapokusanyika, hushuka chini kwa zaidi kidogo ya milimita moja na nusu, hivyo nguvu iliyolifikia bamba ilikuwa imetawanyika na maji yakabaki angavu bila chembe yoyote. Nilipomweleza, alipandisha kichwa cha mashine kwa zaidi kidogo ya milimita moja bila ubishi wowote. Mara mlio ukabadilika ukawa mkali na mkavu, na wingu jeupe kama tui likaanza kupanda kutoka kwenye bamba.

Kuanzia hapo ustadi wake ulinisaidia kuliko nilivyotarajia. Alichora mraba wa sentimita moja uliojaa mistari iliyosongamana, kama afanyavyo anapochonga nembo, na kwa kuwa mwale haukukaa mahali pamoja, viputo vya gesi havikupata nafasi ya kuuziba. Maji yalipozidi kuwa meupe, tuliyabadilisha kila baada ya dakika kumi, maana chembe zilizokwisha kuzaliwa hunyonya na kutawanya mwanga unaokusudiwa kulifikia bamba.

Nina malalamiko mawili, na la kwanza ni zito. Miwani ya kinga niliyopewa haikuandikwa popote kwamba inazuia mwanga wa nanomita 1,064, na mwanga huo, uliorudishwa na uso wa maji au wa metali, unaweza kuunguza retina kabla mtu hajahisi lolote. Nilivaa miwani niliyokuja nayo, lakini kijana aliyekuwa akimsaidia fundi alisimama karibu bila kinga yoyote hadi nilipomsihi atoke nje. La pili ni umeme, ambao ulikatika mara moja, na dakika za kungojea zikahesabiwa kwenye saa nilizolipia.

Matokeo yenyewe yameniridhisha. Katika maabara yetu, kipimo cha mwanga kilionyesha kwamba maji yale hunyonya kwa nguvu miale ya urujuanimno iliyo chini ya nanomita 370 hivi, jambo linalotarajiwa kwa oksidi ya zinki. Kiasi ni kidogo, miligramu kadhaa tu, na kufikia siku ya tatu sehemu ya chembe ilikuwa imetuama chini ya chupa, kwa hiyo anayehitaji gramu nyingi asiende huko. Kwa somo la kusafisha maji yenye rangi kwa msaada wa jua, kiasi hicho kinatosha.

Anayetaka kuijaribu huduma hii asipeleke kipande cha bati la kuezekea, maana hilo ni chuma kilichopakwa zinki juu tu, na leza itakapoimaliza zinki itaanza kutoa oksidi za chuma. Apeleke zinki halisi iliyosuguliwa kwa msasa, pamoja na miwani ya kuwatosha wote watakaokuwa chumbani. Fundi amenikubalia kurudi na bamba la shaba asubuhi moja wiki ijayo, na safari hii nitakuja na jozi tatu za miwani.