Redio mpya, Okapi haishiki: fundi amenichosha

Nilitaka kuandika neno moja tu, msinunue, niondoke. Sasa naona redio nitaionea bure. Mnisikilize kwanza.

Gari yangu ilitoka Japani, na redio yake ya zamani ilikuwa inaishia FM 90. Redio Okapi, kituo chetu cha habari, hapa Goma iko 105.2, kwa hiyo nilikuwa naendesha bila habari. Na Goma habari si starehe: mtu anataka kujua barabara ya Sake ikoje kabla hajapakia mzigo. Ndiyo maana nilinunua redio hii ya skrini, na nikamwambia fundi kule Birere waziwazi: mimi nataka Okapi, hayo mengine ni nyongeza.

Akafunga. Picha safi, muziki wa simu safi. Natafuta Okapi: inaruka kutoka 105.1 hadi 105.3, na katikati hakuna kitu. Vituo vya Gisenyi vinaingia kwa sababu viko hapo tu ng'ambo ya mpaka, lakini nikielekea Keshero navyo vinabaki mkwaruzo.

Nikarudi kwake. Hakuinua hata kichwa. "Mama, siku hizi nani anasikiliza redio? Weka bluetooth." Vijana wake wakacheka. Nikamwambia, mwanangu, nimelipia redio. Eti ni mlima, volkano inakata mawimbi. Volkano! Taksi zinapita mlangoni pake zikitangaza Okapi, Nyiragongo ni ile ile moja!

Kijana mwingine, wa Himbi, ndiye aliyeichomoa na kunionyesha waya wa bluu umezungushiwa skochi, ile tepu ya gundi, haujaunganishwa popote. Antena ya gari yangu imechorwa ndani ya kioo cha nyuma, na pembeni yake kuna kifaa kidogo cha kukuza mawimbi. Kile kifaa kinataka umeme wa volti 12, na waya ule ndio unaoupeleka redio ikiwaka. Ukiuacha hewani, mawimbi yanafika yamechoka. Kisha akafungua mipangilio: eneo lilikuwa Marekani, kule ambako vituo vinapanda kwa 0.2 na kuishia kwa namba witiri. Akaweka Ulaya. Habari za Kiswahili zikaingia, sauti kavu kabisa. Nilipiga makofi pale pale.

Basi redio ni nzuri. Nzuri sana, hata usiku taa zake haziumizi macho. Lakini kwa nini iuzwe Goma imepangwa kwa Marekani, karatasi yake Kichina na Kiingereza tu? Hapana, nzuri sana naifuta. Ni nzuri, basi. Mkinunua, kabla tablo (dashibodi) haijarudishwa mwambieni fundi awaonyeshe waya wa bluu unakwenda wapi, na awashe Okapi mkiwa mmesimama hapo.

Yule wa Birere namdai pesa ya kazi. Kila nikifika anasema, "Mama, pita kesho." Nitapita.