TAHADHARI kwa wenye nyumba za ghorofa: nilifungiwa thamostati ambayo haijaungwa na kitu chochote

Wakuu habari zenu, naandika hasira bado hazijaisha kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka. Kuna jamaa anauza na kufunga mifumo ya viyoyozi vya nyumba za ghorofa, jina lake silitaji, ila nikishaeleza gia aliyoniingilia nayo mtamjua tu, na nahisi hayuko peke yake.

Nyumba yetu ina chini na juu. Kiyoyozi ni kimoja cha nyumba nzima, mashine moja nje moja ndani, hewa inapita kwenye dakti za darini, yaani mifereji ya kupitishia hewa, inatokea kwenye matundu ya kila chumba, na mashine hiyohiyo ndio inapasha joto wakati wa baridi. Shida yetu wenye ghorofa mnaijua. Msimu wa joto watoto wanaolala juu wanaamka wamelowa jasho, mimi niliyeko sebuleni nimejifunika shuka. Baridi ikija sasa chini vidole vya miguu vinakufa ganzi, juu watu wanafungua madirisha. Thamostati, kile kidude cha kupangia nyuzi za joto, iko chini ukutani, ikiona pale ilipo pamefika nyuzi 24 inazima mashine na kulala zake, haina habari kwamba huko juu ni 28.

Basi nikamwita huyu jamaa. Alikuja vizuri, amevaa kinadhifu, anaongea kwa kujiamini. Hakupima kitu. Hakushika futi kamba, hakuuliza madirisha makubwa yanaelekea wapi, hakupanda darini kuangalia kama kuna chochote cha kuzuia joto la paa, alizunguka tu akatoa tishu mfukoni akaishika mbele ya tundu ikapepea, akasema "bosi umeona, hewa unayo, tatizo lako ni mgawanyo, tunagawa kanda mbili, juu na thamostati yake, chini na yake, hii shida utaisahau".

Na kinachoniuma ni kwamba wazo lenyewe ni la kweli kabisa! Mfumo wa kanda upo na unafanya kazi. Ndani ya dakti inawekwa dampa, ni kama kimlango cha bati kinachozungushwa na mota ndogo, kunakuwa na bodi ya kontroli karibu na mashine ya ndani, thamostati zote mbili zinaungwa kwenye hiyo bodi, juu kukihitaji ubaridi dampa ya juu inafunguka ya chini inajibana. Nilikuwa nimeshasoma habari hizo kidogo, ndio maana nilipomsikia anayataja maneno yaleyale nikajiona nimempata mtaalamu. Mke wangu alisema tulipe nusu kwanza, nusu baada ya kazi. Mimi nikajifanya mjuaji nikalipa yote. Tuliache hilo.

Kazi ilimchukua asubuhi moja tu na kabla ya mchana keshafunga begi. Sasa hivi najua kwamba kukata dakti, kuingiza dampa, kuvuta waya kutoka ghorofani mpaka kwenye mashine na kuunga bodi sio kazi ya masaa matatu ya mtu mmoja, ila siku ile nilifurahi nikasema huyu kijana mwepesi. Thamostati mpya ya juu ikawa inawaka taa nzuri ya bluu, namba zinaonekana, ukibonyeza inatoa mlio. Wiki ya kwanza juu kukapoa kweli, nikampigia mpaka simu ya kumshukuru.

Wiki ya pili hewa ikaanza kutoka kwa unyonge. Ya tatu maji yakawa yanadondoka darini, nikachungulia kwenye mashine ya ndani nikakuta bomba limevaa barafu nyeupe kama friza. Nampigia, anakuja, anasema gesi imepungua. Akaongeza, nikalipa. Siku kumi hivi barafu tena, anakuja tena, "gesi imeisha bosi", nikalipa tena. Mara ya tatu akabadilisha wimbo, eti mashine yangu ni ndogo, ninunue kubwa zaidi na yeye anayo. Hapo ndio akili ikanirudi.

Nikatafutiwa fundi mwingine, dada mmoja mpole haongei sana. Kitu cha kwanza alichofanya alichomoa uso wa ile thamostati ya juu akanionyesha. Nyuma kuna waya mbili fupi, zimekunjwa, zimefungwa tepu, zinaishia ndani ya tundu la ukuta. Haziendi popote jamani. Ile taa ya bluu ilikuwa inawashwa na betri. Karibu mwezi mzima familia yangu imekuwa ikibonyeza saa ya ukutani, na mwanangu wa mwisho alikuwa na zamu yake kabisa, kila usiku anapanda kwenye stuli "baba nimeongeza baridi".

Akapanda darini. Dampa zipo kweli, mbili, ila ni zile za kuzungusha kwa mkono, hakuna mota wala bodi, na ile ya kwenda chini ameibana karibu yote. Kwa hiyo ile wiki ya kwanza hakuna kanda iliyofanya kazi, hewa ya chini imezibwa tu ikakosa pa kwenda ikasukumwa juu, na kwa vile thamostati halisi ya chini ilikuwa haifikii tena nyuzi zake, mashine ikawa inakimbia bila kupumzika. Na hiyo ndio imeleta barafu, sio gesi. Koili ya ndani, yale mabomba membamba yanayopozwa na gesi, inataka hewa nyingi ya chumba ipite juu yake, ukibana njia hewa inakuwa kidogo, koili inapoa kupita kiasi, unyevu ulioko hewani unaganda juu yake, na barafu nayo inaziba hewa iliyobaki. Ndio maana msijaribu ile ya kufunga matundu ya chini yote ili juu kupoe, hata kama jirani amewaambia yeye inamsaidia.

Hii ya gesi ndio nataka muielewe vizuri maana hata wasio na ghorofa wanapigwa humohumo. Gesi ya kiyoyozi sio mafuta ya gari, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa, inabeba joto kutoka ndani inalitupa nje, inarudi, miaka yote ni ileile. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na fundi wa kweli atatafuta panapovuja azibe kwanza ndio aongeze. Mtu anayeongeza kila akija bila kutafuta tobo ujue wewe ndiye unayevuja. Kwangu yule dada alikagua viungio vyote, hakuna palipovuja, gesi ikawa imezidi kuliko inavyotakiwa na ilibidi aitoe kwa mashine yake aihifadhi kwenye mtungi, maana ikizidi nayo inaweza kuua kompresa, ile pampu inayosukuma gesi.

Na ile hadithi ya mashine kubwa zaidi, nimeshukuru Mungu sikuifuata. Mashine ikiwa kubwa kupita nyumba inapoza haraka pale thamostati ilipo halafu inazima, inawaka inazima, unyevu haipati muda wa kuutoa, mnabaki na ubaridi wa unyevunyevu chini na juu joto liko palepale. Ukubwa unatafutwa kwa hesabu, chumba kwa chumba, madirisha, kuta, paa, idadi ya watu. BTU ni kipimo cha joto, na uwezo wa kuondoa BTU 12,000 kwa saa ndio huo wanauita tani moja, kama kilowati 3.5 hivi, sasa mtu akikutajia tani bila kupima hata ukuta mmoja anazitoa wapi?

Kilichotusaidia ni vitu vya kawaida ambavyo jamaa hakuvigusa. Matundu yote yakafunguliwa. Viungio vya dakti darini vilikuwa vinapumua, yaani hewa ya baridi tunayoilipia ilikuwa inapoza popo, vikazibwa kwa gundi yake maalum. Juu ya dari tukaweka pamba ya kuzuia joto, maana jua linapiga paa mchana kutwa na dari linaendelea kutema joto mpaka usiku. Milango ya vyumba vya juu ikakatwa kidogo chini ili hewa iweze kurudi kwenye mashine hata mlango ukifungwa, hii sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Na feni ya mashine ya ndani tukaiweka iwe inazunguka muda wote hata ubaridi ukizima, hewa ya juu na chini inachanganyika, ila kama kwenu kuna unyevu mwingi hii itawarudishia unyevu ndani, iwekeni siku moja mbili muone. Tofauti ya juu na chini ilikuwa nyuzi 4 au 5, sasa hivi ni kama 2. Bado tunafikiria kuweka kiyoyozi kidogo cha inveta, yaani kinachopunguza na kuongeza kasi chenyewe, cha juu peke yake, au kanda za kweli safari hii.

Mtu akikuuzia kanda, kabla ya hela ya mwisho panda naye darini. Mwambie apandishe thamostati moja na kushusha nyingine, uone kwa macho yako mota ya dampa inazunguka. Mwambie akuonyeshe bodi iko wapi na waya ngapi zimeingia. Chukua kipimajoto, pima hewa inayoingia kwenye mashine na inayotoka, kwenye kupoza tofauti kawaida ni kama nyuzi 8 mpaka 11, ikiwa nje ya hapo aeleze kwa nini. Na ukiuziwa zile sensa za kupima joto za kuweka kila chumba, ni nzuri, zinafanya thamostati isikilize chumba cha juu badala ya sebule, lakini hazisukumi hewa kwenda popote, asikudanganye kwamba hizo ndio kanda.

Nilimpigia jamaa kumuuliza habari ya zile waya. Akasema thamostati ya pili ni "ya kuonyesha tu", kwamba tulielewana hivyo. Nikamwambia kwenye risiti umeandika kontroli ya kanda mbili. Akakata, akaniblock. Juzi nimeona anajitangaza kwa jina lingine na namba nyingine, video ni ileile, mkono uleule na tishu inapepea mbele ya tundu.