Forester yenye macho mawili: miaka miwili ya kruzi kontroli kati ya Dar na Same

Mguu wangu wa kulia ndio ulionifikisha kwenye kruzi kontroli, kile kifaa kinachoshika mwendo bila wewe kukanyaga mafuta. Mwaka 2022 nilianguka na bodaboda, nikavunjika kifundo, nikawekewa vyuma, na hadi leo nikikanyaga mafuta saa tatu mfululizo kifundo kinavimba. Nyumbani kwetu ni Same, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam. Mama yuko huko, na kila baada ya wiki sita hivi lazima nimwone. Kwa hiyo nilipouza IST yangu na kununua Subaru Forester ya 2016 iliyotumika Japani, sikuuliza habari za redio wala siti za ngozi. Niliuliza kama gari lina kruzi.

Lilikuwa na zaidi ya hiyo. Ukikaa kwa dereva na kuinua macho, unaona kamera mbili, moja kila upande wa kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, zikitazama nje kupitia kioo cha mbele. Huo ndio mfumo ambao Subaru wanauita EyeSight. Walianza kuuza Japani mwaka 2008, na langu lina toleo la tatu. Kwa kuwa kamera ni mbili, zinafanya kazi kama macho ya mtu: zinalinganisha zinachokiona na kupima gari la mbele liko umbali gani. Toyota nyingi zenye kruzi ya namna hii hutumia rada iliyofichwa nyuma ya nembo ya mbele. Kazi ni ileile. Unapanga mwendo, tuseme 90, na barabara ikiwa wazi gari linashika 90. Ukilikuta lori linalokwenda 60, gari linapunguza lenyewe, linakaa nyuma yake kwa umbali uliouchagua, na lori likisimama nalo linasimama. Lori likikata kona kuingia kijijini, gari linarudi 90 bila kuguswa.

Kruzi ya zamani haifanyi hivyo. Ile inashika mwendo tu, na mbele kukiwa na kitu ni juu yako. Mwanzilishi wake ni Ralph Teetor, mhandisi wa Indiana, Marekani, ambaye alikuwa kipofu tangu utotoni. Husimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake, ambaye kila alipoongea akiendesha mwendo ulishuka na kila alipokaa kusikiliza ulipanda, gari likawa linasukasuka abiria njia nzima. Teetor akapata hataza mwaka 1950, na Chrysler wakaanza kuuza kifaa hicho kwenye magari yao mwaka 1958. Namwelewa kabisa. Kaka yangu anaendesha hivyohivyo, na mama hushuka kwenye gari lake akiwa na kichefuchefu. Kwangu mimi husinzia kuanzia Chalinze.

Siku ya kwanza hakusinzia. Tulikuwa tumepita Korogwe, mashamba ya mkonge pande zote mbili, barabara imenyooka, nikabonyeza SET kwenye 85 na kuvuta mguu nyuma. Mama akatazama chini.

"Mwanangu, mbona hukanyagi?"

"Gari linakwenda lenyewe, mama. Mimi nashika usukani."

"Na breki?"

"Breki ninayo. Nikiigusa tu, linaniachia kila kitu."

"Iguse nione."

Nikaigusa. Kruzi ikakata, gari likaanza kupungua. Akaniambia niirudishe, nikabonyeza RES, likapanda taratibu hadi 85. Alinifanyia hivyo mara tatu kabla hatujafika Mombo, na alikuwa na haki. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila anayenunua gari la namna hii anapaswa kulijaribu mwenyewe: jinsi ya kuikata. Kabla hujajua inavyokatika, usiiwashe.

Sasa niseme faida ambayo sikuitegemea, nayo imenizidia hata ile ya mguu. Kati ya Mombo na Same, milima ikiwa kulia na tambarare kushoto, vijiji vimefuatana na kila kimoja kina kibao cha 50. Zamani nilipigwa tochi mara tatu kwenye kipande hicho, shilingi 30,000 kila mara, na sikuwa nakimbia. Nilikuwa 58, mara moja 61. Ukitoka kwenye 90, 60 unaiona kama umesimama, na mguu unakanyaga wenyewe. Siku hizi nikikiona kibao napunguza, nikifika 48 nabonyeza SET. Mwendo unakaa hapo hadi nivuke kibao cha kumaliza. Sijapigwa tochi tena. Zaidi ya faini, nimegundua nilikuwa sivioni vijiji vile. Macho yangu yalikuwa yanakwenda mbio kati ya mshale wa spidi na kichaka alichojificha trafiki. Sasa namwona mtoto anayesubiri kuvuka na mzee mwenye baiskeli ya kuni, naona mbuzi watatu wanaofikiria kuvuka. Mguu wangu ukiwa kijijini unakaa juu ya breki, haugusi, lakini uko pale.

Mafuta pia yamepungua kidogo. Kwa kipimo cha dashibodi nilikuwa napata kilomita 11 kwa lita safari hii, sasa napata 12 na pointi. Si kitu cha kununulia gari.

Mahali pengine panapoipendeza kruzi hii ni Kimara hadi Kibaha, zile njia nane, ukitoka mapema kabla jua halijachomoza. Lakini ukichelewa, balaa lake ni wanaochomekea. Mfumo unaacha nafasi mbele yako, na nafasi hiyo kwa dereva wa Noah ni mwaliko. Anaingia, kamera zinamwona karibu mno, gari linabana breki kwa nguvu kuliko ambavyo mtu angebana, na wewe hujui nyuma yako kuna nani. Asubuhi moja nyuma yangu kulikuwa na semi. Nilisikia breki zake za upepo zikilia na nikaona gridi ya mbele ikijaza kioo chote cha nyuma. Alisimama. Mikono yangu ilitetemeka hadi Mlandizi. Tangu siku hiyo, kwenye msongamano naendesha kwa mguu, kruzi naiwasha nikishapita Chalinze.

Kuna kengele moja ya foleni ninayoipenda lakini: gari la mbele likiondoka nawe umebaki umezubaa, linapiga mlio mdogo. Ile ya kuvuka mistari hulia ukivuka mstari bila indiketa, na hapo inategemea mistari yenyewe. Ilipofutika, haina kazi. Ilipo mipya, inalia kila ninapokwepa mwenye baiskeli, nami sitaacha kumkwepa. Maandishi na maonyo yote yalikuja kwa Kijapani, pamoja na yule dada anayenikumbusha kila asubuhi kuhusu kadi ya ushuru wa barabara za kwao. Nilikaa jioni nzima na kamera ya simu nikitafsiri skrini moja baada ya nyingine hadi nikajua kila taa ya njano inasema nini. Hiyo ni kazi ya lazima.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba barabara yetu nayo ina lugha yake, na gari hili halijaisoma. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia bila kukata kona, dereva ananiambia nisipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto ananiambia pita. Basi linalokuja likinimulika taa mara mbili, mbele kuna trafiki au kuna ajali. Na ukikuta matawi ya mti yamelazwa barabarani, moja hapa, jingine hatua ishirini mbele, unajua lori limeharibika na limelala njiani. Mtoto wa darasa la tatu aliyezoea safari anajua maana ya majani yale. Kamera zangu zinaona majani.

Hilo nilijifunza kati ya Korogwe na Mombo, saa kumi na moja jioni. Barabara pale inaelekea kaskazini magharibi, kwa hiyo jua la jioni linakuja machoni. Nilikuwa 85 kwenye kruzi. Niliona tawi la kwanza, nikatoa mguu chini ya kiti. Gari lenyewe halikupungua hata kidogo, nikabana breki mimi. Kabla ya tawi la pili, mlio ukalia na taa ikawaka kwenye dashibodi: mfumo umejizima kwa muda kwa sababu ya mwanga wa jua. Kitabu chake kinaeleza wazi kwamba jua la mbele, ukungu, mvua kubwa na kioo kichafu vinaweza kuzipofusha kamera, na mimi nilikuwa nimesoma. Lakini kusoma ni kimoja, na kuona trela la mkonge lisilo na taa likitokea ndani ya mwanga ule ni kingine. Lilikuwa limesimama, tairi la nyuma limevuliwa, na kijana amechuchumaa pembeni na jeki. Nilikuwa nimeshabana breki tangu tawi la kwanza. Nilipita polepole kiasi cha kuona jasho mgongoni mwake.

Kwa hiyo kuanzia saa kumi jioni nikiwa naelekea Same, kruzi nazima, nikirudi Dar asubuhi na mapema vilevile. Kwenye mvua siiwashi kabisa, maana tairi likianza kuteleza juu ya maji hutaki chombo kinachoendelea kulisukuma. Kwenye kona za milimani pia naikata. Kamera zikimpoteza mwenye lori kwenye kona, gari linadhani barabara imekuwa wazi na linaanza kupanda mwendo. Matuta haliyaoni. Rasta linazihisi wakati unaruka nazo.

Na kuovateki ni kazi ya mguu. Ukitoka nyuma ya lori kruzi inapandisha mwendo, ila kwa utulivu wa barabara ya Japani. Upande wa pili wa barabara yetu si mahali pa utulivu. Nakanyaga mwenyewe, napita, narudi kushoto, nauvuta mguu, na kruzi inaendelea na mwendo niliokuwa nimeupanga. Kikomo cha kruzi yangu kiko chini ya 120, na sijawahi kukihitaji.

Machungu yangu ya kweli yalikuja mwaka jana, na hayakuhusu Subaru. Lori la kokoto lilirusha jiwe karibu na daraja jipya la Wami, kioo cha mbele kikapata ufa ulioenda hadi upande wa abiria. Gereji moja ya Dar ikaniwekea kingine siku hiyohiyo kwa bei nzuri. Nilifurahi hadi nilipowasha gari. Taa ya EyeSight ikawaka na haikuzimika. Fundi akaniambia kwamba hizo ni "mbwembwe za Kijapani", gari linatembea, niondoke. Kruzi haikuwaka kabisa, wala ile breki ya dharura inayojibana yenyewe. Niliendesha wiki tatu kifundo kikivimba.

Baadaye fundi umeme mwingine alinikalisha na kunieleza kwa subira. Kamera zile zinatazama kupitia kioo. Kioo kikiwa na unene mwingine au kikipinda kidogo mbele ya lenzi, vipimo vyote vya umbali vinakosewa, na hata ukipata kioo sahihi, kamera lazima zipangwe upya kwa kompyuta na ubao maalumu uliowekwa mbele ya gari. Nilinunua kioo cha pili, sahihi, nikalipia na kazi ya kuzipanga kamera. Jumla ilizidi mara nne bei ya kile cha kwanza. Nilimwona akipima kwa futi kutoka katikati ya bampa hadi kwenye ubao, akapima tena, akasogeza ubao kidole kimoja, akapima mara ya tatu. Taa ilipozimika nilimshukuru kama daktari.

Mdogo wangu sasa anatafuta gari, na maagizo yangu kwake ni haya. Akifika yadi, asome chapa iliyo chini kwenye kona ya kioo cha mbele, ailinganishe na za vioo vya milango, ajue kama kioo kimewahi kubadilishwa. Aguse eneo la mbele ya kamera kama lina mkwaruzo au stika. Awashe gari asubiri, aone kama taa zote za njano za EyeSight zinazimika. Kisha aombe kutoka nalo hadi barabara yenye mistari, atafute lori, akae nyuma yake kwa 60 na abonyeze SET, mguu ukiwa juu ya breki. Lori likipunguza na gari likapunguza nalo, macho yanaona. Muuzaji akikataa gari lisitoke nje ya geti, ahamie yadi ya jirani.