Amplifaya moja, muziki vyumba vyote: nilivyofunga nyumbani kwangu

Kabla ya salamu, sikilizeni hii. Niliirekodi wiki iliyopita, maikrofoni ikiwa mbele kabisa ya spika ya jikoni. Amplifaya imewashwa, muziki haujapigwa. Mnakisikia hicho kijimlio chembamba, kama mbu aliye nje ya neti? Ukianzisha wimbo kinabadilika, kinakwaruza kidogo, halafu kinarudi. Kilininyima raha siku nne nzima. Nitawaeleza kilikotoka.

Haya, karibuni ndugu watazamaji. Leo ni muziki wa nyumba nzima: sebuleni taarabu ya mama, jikoni taarifa ya habari, barazani vijana na bongo fleva yao, na siku ya shughuli kote upigwe wimbo mmoja. Kabatini nimeweka amplifaya moja, Dayton Audio MA1240a, chaneli 12, wati 40 kila chaneli. Eneo moja linachukua chaneli mbili, kushoto na kulia, kwa hiyo inabeba maeneo sita. Mimi nimetumia manne. Pembeni yake kuna strima nne, WiiM Mini tatu na WiiM Pro moja. Strima ndiyo inayovuta muziki mtandaoni na kuupeleka kwenye matundu yake nyuma ya amplifaya. Simu mkononi inabaki kama rimoti tu.

Mbona sikununua spika zenye waifai ndani yake, niweke moja kila chumba? Kwa sababu akili ya vifaa hivi, yaani sehemu inayovuta muziki mtandaoni, huzeeka upesi. Misuli, yaani amplifaya na spika, haizeeki. Mwaka 2012 Logitech iliachana na Squeezebox, strima zilizopendwa sana wakati ule. Seva yake, ile programu ya kuzilisha muziki, haikufa, wapenzi wake wanaiendeleza mpaka leo kwa jina la Lyrion Music Server. Aliyekuwa ameiunga Squeezebox yake kwenye amplifaya ya kawaida, kisanduku kikifa anabadilisha kisanduku tu. Spika hazitoki ukutani, wala hachimbi ukuta upya. Hilo ndilo lililonishawishi.

Na kuna faida ambayo sikuitarajia. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, waifai ikivuka kuta mbili imechoka. Hapa strima zote zinakaa kabati moja, basi ruta nimeiweka hapo hapo. Pro ina tundu la kebo ya mtandao, nimeichomeka moja kwa moja. Mini haina tundu hilo, ila ikiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta haina shida. Kabati lisiwe la chuma, na msizilaze strima juu ya amplifaya. Ile inatoa joto.

Wati 40 zinatosha? Ndani ya nyumba, zinatosha na kubaki. Spika nyingi za nyumbani zikipewa wati moja tu, ukikaa mita moja mbele yake unapata kama desibeli 87, na hapo ukitaka kuongea na mtu lazima upaze sauti. Barazani ndiko kunakokula nguvu, hakuna kuta za kuirudisha sauti. Ukitaka kuongeza spika huko, kumbuka omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye chaneli moja zinakuwa omu 4. Soma maandishi ya nyuma ya amplifaya kama inaruhusu omu 4.

Fedha wekeni kwenye waya. Kutoka kabatini hadi jikoni kwangu ni mita 15, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 30 za shaba. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 unakula karibu omu 0.7 njiani, wa 2.5 unakula 0.2 tu. Kwa spika ya omu 8 tofauti hiyo si ndogo. Na mkinunua, kwangueni ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa. Rudisheni.

Sasa yule mbu. Strima zote nne nilizilisha kwenye chaja moja ya matundu mengi, niokoe soketi. Kumbe waya hasi za strima zinakutana ndani ya chaja, na zinakutana tena ndani ya amplifaya kupitia kebo za RCA, zile zinazopeleka muziki kutoka strima hadi amplifaya. Pakawa na duara, na makelele ya chaja yakazunguka humo mpaka kwenye spika. Niligundua nilipochomoa strima moja moja: kila nikichomoa, kijimlio kinapungua. Dawa ilikuwa adapta nne, kila strima na yake. Kama kwako bado kinasikika, kuna vikinga vidogo vyenye transfoma ndani, vinakaa katikati ya kebo ya RCA.

La mwisho, msichanganye koo za strima, yaani strima za kampuni tofauti. Ukiwa koridoni unasikia sebule na jikoni kwa pamoja. Strima za ukoo mmoja zikiunganishwa kwenye programu yake zinakwenda sawa. Za koo tofauti zikipishana hata kidogo, wimbo unageuka mwangwi.

Maikrofoni nimeirudisha pale pale jikoni. Amplifaya imewashwa, strima zote nne zimewashwa. Nanyamaza, sikilizeni.